Kisanduku cha Bibi Benadetha

Jumamosi mchana, Jerotich alikuwa sebuleni akikunja nguo aliposikia kitu gerejini kikibonyeza namba. Tii, tu, tii, tu, kama simu za zamani.

"Baba Audrey, hiyo ni nini?"

Simiyu akaenda kuangalia. Juu ya rafu palikuwa na kisanduku cha king'ora alichokibandua kwenye nyumba moja kule Wheaton. Hakikuwa na betri wala waya. Na kilikuwa kikipiga simu.

"Ni betri tu inaisha," alimdanganya mkewe.

Hiyo ndiyo kazi yake. Laini za simu za waya zinazimwa, naye huzunguka jimbo la Maryland, huko Marekani, aking'oa ving'ora vilivyozitegemea na kufunga vinavyotumia mtandao wa simu za mkononi. Kwa Bibi Benadetha wa kule Wheaton, mjane Mtanzania aliyeishi peke yake, alifunga kipya, akakata laini ya zamani, akaondoka bila kujaribu kama kitufe cha dharura alichovaa bibi shingoni kinafika kituo cha ulinzi. Foleni ya barabara kuu ya Beltway ilikuwa inaanza. Akaandika kwamba amekijaribu. Bibi alimfungia chapati, akamwita mwanangu.

Wiki ileile bibi akaanguka jikoni. Msibani, bintiye Domina alisema alimkuta amekamata kitufe, maziwa yameungulia sufuriani. Waombolezaji wakasema ni mapenzi ya Mungu. Simiyu akasema vivyo hivyo, kisha akala pilau yao.

Sasa alikitupa kile kisanduku kwenye jaa la mbali, lakini mlio ukahamia ndani ya ukuta, na pamoja nao ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua, ikakaa kwenye mapazia, ikaingia kwenye gari, ikamfuata mpaka kwenye nyumba za wateja, hata akawa kila akikata waya anasikia kwa ndani mtu akihema, taratibu, kama anayesubiri simu ipokelewe.

Jerotich akamwita Marie-Thérèse, mama Mkongomani anayeongoza maombi kanisani kwao. Alipaka milango mafuta, akasimama mbele ya ukuta, akanong'ona, "Papa Audrey, iko kitu unaficha? Huyu roho hakupotea njia. Anakutafuta weye."

Simiyu akaiwazia kazi yake. Akamwazia Domina.

"Hakuna kitu, mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Marie-Thérèse akaomba mpaka jasho likamtiririka. Mlio ukakatika. Harufu ikatoka kama mtu amefungua dirisha. Jerotich akalia kwa furaha, na Simiyu akashindwa kumtazama usoni.

Jioni wakakaa kula, wao wawili na binti yao Audrey, mtoto wa miaka sita, aliyeelewa Kiswahili lakini tangu aanze kusema alijibu kila kitu kwa Kiingereza. Mara akaweka kijiko chini. Akapeleka mkono kifuani, akawa anabonyeza hewa kwa kidole gumba, na kwa sauti ya pole, iliyochoka, akamwambia baba yake:

"Mwanangu, nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi. Mbona hamji?"

Jerotich akacheka, akapiga makofi.

"Wee! Kiswahili kizuri hivyo! Baba Audrey, umemfundisha lini?"

Kidole cha mtoto kilikuwa bado kinabonyeza.