Barua Kutoka Stesheni ya Kitongojini

"Haya, nimefika. Niue."

Abdulghani aligeuka, bendera ya kijani mkononi. Hapo kwenye stesheni ndogo ya kitongojini, kabla ya kuingia Tabora mjini, alisimama Shufaa, mchumba wake aliyebaki Karagwe mwaka juzi yeye alipokuja kutafuta kazi ya reli. Miguu yake vumbi tupu. Nyuma yake baba yake, mzee Zubeiri, alikuwa akitua mzigo wa kahawa.

"Shufaa! Ni wewe? Shikamoo, baba."

"Marahaba ya nini? Huyu binti kanitembeza siku ishirini na saba! Anasema kama ni kufa, afe amekuuliza sababu."

"Sababu ya nini?"

Shufaa akachomoa barua kifuani. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Macho ya baba hayasomi tena. Gharib, karani wetu, ndiye aliyetusomea dukani kwetu Kiruruma, watu wote wakisikia: 'Shufaa, nikirudi nitakuua.' Akaikunja. Kesho yake akaleta posa! Eti yeye mpole."

Abdulghani alishika kichwa. "Nitakuoa! Niliandika nitakuoa!"

"Leo umemwona baba ndiyo unageuza?"

"Wallahi, kwa herufi za Kiarabu kuoa na kuua huandikwa vilevile!"

"Una maneno wewe!"

Gari la moshi likaingia likipiga filimbi. Wanawake wa kitongojini wakashuka na vikapu vitupu, wametoka kuuza mihogo mjini. Akashuka pia mwalimu wa chuo cha Kurani, kilemba kichwani. Shufaa akamziba njia.

"Shikamoo, mwalimu. Nisomee hii, na usimwangalie huyu."

Mwalimu akaisogeza barua machoni. "'Nikirudi nitaku...' Hapa kuoa au kuua, herufi hazisemi. Lakini chini yake: 'Mwambie baba ataje mahari.'" Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Binti yangu, nani hutoa mahari ya maiti?"

Wanawake wakaangua kicheko. Zubeiri hakucheka.

"Gharib aliliona neno hilo. Ndiyo maana akaikunja bila kulisoma."

"Na posa yake, baba?"

"Posa gani? Mimi sipokei posa ya mwongo."

Abdulghani akasogea. "Shufaa, mwezi ujao nitaomba ruhusa, nije Karagwe tufunge..."

"Nimetembea vya kutosha, sirudi kungoja. Baba yupo, mwalimu yupo, mashahidi wamejaa. Oa hapa hapa."

"Na mahari?"

"Unifundishe kusoma. Sitaki kusomewa tena na mtu."

"Inafaa kabisa," mwalimu alisema.

"Na mimi mzazi?" Zubeiri aliguna.

"Wewe, baba, kaa kwenye mzigo wako upumzike, kisha uniozeshe."

Dereva alitoa kichwa dirishani, akasahau safari. Mwalimu alipomuuliza Shufaa kama ameridhia, wanawake walimfinya anyamaze, maana kimya cha bibi harusi ndilo jibu lake.

"Nimeridhia!" akasema Shufaa, na sauti ikafika behewa la mwisho.