Bashrafu Iliyozaliwa Nyumbani Kwangu

Nina miaka thelathini na mbili, naishi peke yangu Mkunazini, na kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi cha taarabu, ikilia redioni naizima. Majirani wanadhani nina wazimu. Laiti wangejua...!

Mume wangu, Salum, alikuwa mpiga kanuni. Mwaka 1968 alianza kutunga bashrafu mpya, muziki mtupu usio na maneno, wa kanuni, fidla, udi na filimbi ya nai. Haikuandikwa popote. Kila jioni wenzake watatu walikuja kwetu kujifunza kwa masikio, kipande kwa kipande, na wakikosea wanarudi mwanzo. Mimi niliwapikia chai kwa sukari niliyoipangia foleni tangu alfajiri. Nilikuwa na raha! Nyumba yetu ilikuwa kimya tangu tulipomzika binti yetu wa pekee, Mwanaidi.

Shida ikawa mwisho wa bashrafu. Salum alitunga akaacha, akatunga akaacha... Siku moja nilikuwa nakuna nazi, najiimbia ule wimbo niliokuwa nikimlazia Mwanaidi, nilioubuni mwenyewe. Salum akatoka mbio.

"Hebu rejea tena, Mama Mwanaidi!"

Nikarejea, machozi yananitoka. Nilidhani amemkumbuka mwanawe, nikamwachia wimbo auweke mwisho wa bashrafu.

Baada ya hapo akaanza kumfunza mwanafunzi wake ile sehemu ya kanuni. Eti vidole vinamuuma. Nami, mjinga wa Mungu, nikamkanda kwa mafuta ya karafuu!

Bashrafu ingefungua harusi moja Kikwajuni. Aliniambia nisijichoshe kwenda. Nitakosaje? Nikavaa nguo yangu ya Idi, nikaenda kimyakimya ili nikamtunze pesa mbele za watu. Lakini kwenye kanuni alikaa yule mwanafunzi... Nikamuuliza bibi niliyekaa naye, hanijui simjui, Salum yuko wapi.

Akacheka. "We mwanangu, tangu lini bwana harusi akapiga kanuni harusini kwake?"

Sikupiga kelele. Ningepigaje? Bashrafu ilikuwa imefika mwisho, na mwisho ule ulikuwa ule wimbo wangu, Mwanaidi wangu analazwa... Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wapigaji watatu waliniona, wakainamisha vichwa. Walijua! Miezi yote ile wanakunywa chai yangu, na wanajua!

Nilidai talaka, nikapewa. Ndugu wasomaji, simlaumu kwa kuoa, sharia inamruhusu. Namlaumu kwa kunificha, tena kwa kumpambia bibi harusi wake kwa kitu cha maiti wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema kweli.

Dada zangu, wapendeni waume zenu, wapikieni, wakandeni. Lakini mlichobakishiwa na marehemu wenu msimpe mtu, hata akiwapigia magoti. Mimi nilitoa, na sikurejeshewa.

Mwanaidi hunijia ndotoni analia, mikono ameinyoosha. Namchukua, nampakata, nafungua mdomo nimbembeleze... na kinachotoka ni vigelegele.