Fuwele Zinazoogopa Joto

Risasi ya Beretta ilifumua kitasa. Mpelelezi Msumari akaingia kwa bega.

Mlinzi wa maabara alikuwa bado anapapasa kiunoni akitafuta bastola yake. Hakuifikia. Risasi ya pili ilimwangusha kifudifudi kati ya chupa, na Msumari akamruka kama dimbwi.

Mkemia alikimbilia dirishani. Kiti alichorushiwa kilimkuta mgongoni.

Punde alikuwa amefungwa kwenye kiti hichohicho kwa waya wa umeme. Mbele yake, mezani, kopo la fuwele nyeupe za sumu. Kando ya kopo, hita.

Kopo la pili lilikuwa limetegwa mahakamani. Asubuhi hiyo bosi wa magendo alikuwa asomewe hukumu, na jaji wa kuisoma alikuwa dada yake Msumari, wa tumbo moja.

Redio yake ya Motorola ilikoroma; makao makuu ya polisi.

"Msumari, dada yako hataki kuahirisha. Anasema ametishwa vya kutosha."

"Ndivyo alivyo. Tafuteni."

Alivaa barakoa ya gesi. Akawasha hita.

"Zima hicho kitu, ndugu yangu!"

"Nieleweshe kwanza. Mimi shule niliishia njiani."

Mkemia alitazama fuwele. Hata katika hofu, alipenda kusikilizwa.

"Sumu ina iodini. Upande mmoja wa iodini kuna doa la chaji chanya, na nitrojeni ya kibebeo, kemikali inayobeba sumu, hujishikiza hapo. Kinaitwa kifungo cha halojeni. Ni dhaifu! Hawajaoana hao, wameshikana mikono tu. Kwenye baridi wanatulia kama chumvi. Ukiwapasha joto wanaachana, na sumu inakuwa mvuke."

"Ahsante, mwalimu. Kopo la pili liko wapi?"

Mkemia aligeuzia uso ukutani.

Msumari alikivunja kidole kidogo cha mkemia kama penseli.

"Kipoza hewa!" mkemia alipiga yowe. "Nyuma ya wavu!"

"Makao, kipoza hewa."

"Tunapanda ngazi."

Msumari alitulia. Akainama mpaka barakoa ikagusa pua ya mkemia.

"Umesema baridi huwatuliza. Nani anatega sumu hii kwenye kipoza hewa?"

Uso wa mkemia ulisawajika.

"Ungedanganya kabla ya kufundisha, mzee. Makao! Kitu gani kinapata moto karibu na jaji?"

"Hakuna... Ngoja. Taa yake ya mezani. Balbu ya kizamani. Fundi mgeni aliigusa jana."

Mkemia alifumba macho. Ilitosha.

"Imewashwa?"

"Amekaa sasa hivi. Anapeleka mkono kwenye swichi—"

"Mshike! Mwangushe ikibidi!"

Kishindo. Meza iliburuzwa. Kisha sauti ya mwanamke, kali kuliko king'ora:

"Mwambieni kaka yangu kwamba huyu askari wake amenitegua mkono!"

"Kopo tunalo," makao wakasema, wakihema. "Lilibanwa ndani ya kofia ya taa. Bado la baridi."

"Mpeni dada kalamu. Asome hukumu."

Fuwele za mezani zilianza kulowa pembezoni.

"Bwana mkubwa," mkemia alilia, "nimekwambia kila kitu."

"Uliniambia kipoza hewa."

Msumari alifunga dirisha. Akatoka, akavuta mlango, akausukumia kabati la chuma.

Barazani alivua barakoa na kunyoosha kola. Nyuma yake, kiti kilikuwa kikigongagonga sakafu.

"Msumari," makao waliuliza redioni, "hita umeizima?"

Alishuka ngazi bila haraka.

"Sikumbuki."