Gurudumu la Noti

Noti ya kwanza yenye tundu ilirudishwa dukani na mama mmoja muuza samaki, uso umemkunjamana. Ilikuwa noti mpya ya kina ishirini, hizo pesa za serikali yetu, ya plastiki, nyekundu, haijapata hata jasho la mtu. Katikati ya kile kidirisha chake cha kuonea upande wa pili palikuwa na kitundu cha kupita sindano ya gunia.

"Misak, siku hizi pesa zako unazipiga risasi kwanza?" aliuliza yule mama.

Misak alicheka, akambadilishia. Jioni alipofungua droo akakuta nyingine zimetobolewa vivyo hivyo, akawalaumu panya. Panya wa mji wetu wa Kokopo wana makosa mengi, sikatai, lakini panya hatoboi noti pale pale kila mara, wala haachi harufu ya tambuu.

Harufu hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Salome, mkewe, hakuwa mtu wa tambuu. Aliyetafuna popoo na chokaa katika nyumba ile, mdomo mwekundu tangu alfajiri, alikuwa Pelis, mama yake Misak. Na Pelis walikuwa wameshamzika kabla mvua hazijaanza.

Marehemu hakuzipenda noti za plastiki na hakuficha. Alizikunja zikakunjuka zenyewe, akasema pesa isiyotulia mkononi haina adabu. Alizitikisa sikioni, akasema hazina hata mlio. Pesa kwake ilikuwa simbi, zile kombe ndogo za baharini tunazozitoboa na kuzitunga kwenye fito za henzirani na kuzipima kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Sisi Watolai tunaoa kwa simbi, tunaombana radhi kwa simbi, na kwenye maduka yenye heshima zake tunanunulia hata sabuni. Pelis alitunga maisha yake yote, akaziviringisha tungo zake hadi zikawa gurudumu kubwa kama la lori, akalifunga kwa majani makavu na kulitundika chumbani. Gurudumu kama hilo ni la siku ya msiba. Linakatwa, waombolezaji wanagawiwa, naye marehemu anashika njia yake. Asiyekatiwa simbi haendi popote.

Misak aliyajua yote haya. Hata hivyo, mama yake akiwa kitandani hawezi kugeuza shingo, alitokea mnunuzi wa vitu vya kale na bunda la noti mpya, na friza la duka lilikuwa limekufa. Akaliuza gurudumu. Msibani aliwagawia watu plastiki. Walipokea bila kumtazama usoni, na ToPinia, mjomba wake, aliiacha ya kwake chini kwenye majani.

Basi siku moja mchana, mlima wetu wa volkano unatema majivu na duka limefungwa kwa vumbi, Misak akasikia mlio kutoka chumba cha marehemu. Tik. Kimya. Tik. Ulikuwa mlio wa simbi ikisukumwa kwenye ufito na kugonga mwenzake, mlio aliolala nao utoto wake wote. Alijiambia ni mjusi, akasogea, akajiambia ni bati linalopoa, akasogea tena, na aliposukuma mlango akamwona Salome ameketi sakafuni kwa mkao wa mama yake, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja, macho wazi lakini hayaoni, anachukua noti mapajani, anaitoboa kwa mwiba kwenye kidirisha, analowesha ncha ya ufito mdomoni, anaitunga, anaisukuma hadi kwa wenzake, na plastiki ile laini isiyo na mlio ikifika inalia tik kama gamba la simbi, na midomo ya mkewe, ambaye hajatafuna popoo tangu azaliwe, ni myekundu hadi kidevuni.

"Salome," alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu," sauti ya mama yake ikajibu. "Si ndizo ulizonipa? Natunga hizi hizi."

Alikimbia hadi kwa ToPinia. Mzee alikuja, akautazama ule utungo wa noti uliopinda, umebakiza kidogo tu uwe duara, kisha akamvuta Misak nje.

"Ncha zikikutana, dada yangu anaondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Likiwa gurudumu kubwa, likiwa dogo, ni mamoja. Ila haondoki peke yake. Anaondoka na mikono iliyomtungia."

"Nifanye nini, mjomba?"

"Ukaombe simbi. Kwa wale wale uliowaaibisha."

Misak alimpenda mkewe kuliko alivyojipenda, hilo siwezi kumnyima. Akapita nyumba kwa nyumba kichwa chini. Muuza samaki alimpa pima nzima, akamwambia asithubutu kumrudishia chenji ya plastiki. Wengine walimpa kipande cha urefu wa mkono, wengine masimango pamoja na kipande. ToPinia alimpulizia Salome tangawizi na chokaa usoni, wakaenda kaburini, simbi zikakatwa na kila mtu akagawiwa chake. Upepo ukaondoa majivu, Salome akapepesa macho, akaomba ndizi za nazi. Misak alilia mbele za watu.

"Na hizi noti uzichome," ToPinia alimwambia. "Hata moja isibaki."

Alizichoma nyuma ya duka. Zilijikunja, zikayeyuka, zikatoa moshi mweusi wa kukaba koo, na kila iliyoyeyuka ilimkata moyo kama mwenye duka. Benki si inabadilisha noti zilizoharibika? Tundu ni tundu tu. Akachomoa kipande cha mwisho cha ule utungo, kifupi, akakificha ndani ya friza chini ya mbavu za kondoo mpaka Jumatatu. Siku zile alisikia tik mara moja moja, akasema ni mota ya friza.

Jumatatu asubuhi Salome alikuwa jikoni anakuna nazi, anaimba wimbo wa kanisani. Misak alifunua friza, akasogeza zile mbavu. Kile kipande kilikuwa kimepindwa kikawa duara dogo kama bangili, ncha kwa ncha, kimefungwa kwa unywele mrefu mweusi. Akakigusa. Katikati ya barafu yote ile kilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Jikoni wimbo ukakatika, na mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Salome?" aliita.

Harufu ya tambuu ilipita dukani, ikampita yeye, ikatoka mlangoni. Misak akaita tena, kwa kunong'ona, maana alishajua kwamba hakuna wa kuitika.