Povu Juu ya Kidimbwi

Aliyemwambia Atupele kwanza ni mama mkwe wake, bibi Anyosisye, walipokuwa wakiosha kahawa kidimbwini, huko Igamba. Alimwonyesha povu jeupe lililoning'inia kwenye tawi, juu ya maji.

"Hapo chura wa mitini ametaga. Povu likilainika, viluwiluwi hudondoka majini. Msiliguse, mwanangu. Wakikosa pa kudondokea, huja kuchukua sauti ya nyumba."

Atupele alimweleza mumewe, Andongwisye. Akarudia. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Mama Tumpale, niache kuchoma tofali kwa ajili ya mate ya chura?"

Mchana huohuo alilikata tawi, akalitupa kwenye kuni za tanuru.

Jioni mtoto wao, Tumpale, aliamka. Akafumbua kinywa. Machozi yakamtiririka. Sauti hakuna.

"Baba Tumpale, mtoto analia bila sauti!"

"Wenzako wanamwomba Mungu watoto wao wanyamaze." Akamega ugali.

"Sikiliza basi!"

Ukungu ulikuwa umeshuka. Kule kidimbwini mtoto alikuwa akilia. Kilio cha Tumpale, hata kile kikwikwi chake cha mwisho.

"Mtoto wa jirani huyo."

Kidimbwini hakuna jirani.

Atupele alimbeba mtoto mgongoni, akalichomoa tawi kwenye kuni, akaenda kulifunga kwenye kisiki chake, juu ya maji, kwa upande wa kanga. Povu lilikuwa limechanika, lakini limeshika. Alipokaza fundo, kilio kikakatika majini.

Mgongoni, Tumpale akalia kwa nguvu.

Andongwisye alipoambiwa, alisonya. "Kesho nalikata tena, tuone."

Asubuhi aliketi kitandani, akafumbua kinywa kudai chai. Kinywa kikabaki wazi. Akajishika koo.

Kule kidimbwini mtu aliita kwa sauti ya Andongwisye, "Mama Tumpale!"

Atupele aliinua macho. Mlango aliufunga kwa komeo yeye mwenyewe. Hata hivyo, kwenye boriti, juu ya mto wa mumewe, lilining'inia povu jeupe. Bichi.

Andongwisye alinyakua ufagio.

"Usiliguse," Atupele alinong'ona.

Mara hii hakubishiwa. Alileta beseni la kumwogeshea mtoto, akalijaza maji, akalitega juu ya mto, chini ya povu. Kisha akaketi, Tumpale mapajani, kungoja kiluwiluwi wa kwanza adondoke.