Oveni Iliyong'ata Watu

Kila asubuhi katika nyumba ile kazi ya kwanza ilikuwa deki. Mkamwana alijaza ndoo, akaosha sakafu ya jiko mpaka saruji ikang'aa. Kisha aliacha kandambili zake mlangoni, akaingia peku.

Kuacha kandambili mlangoni ilikuwa sheria ya nyumba. Ilianza siku mama mkwe alipofariki. Walimkuta amelala jikoni, kimya, miguu mitupu. Kandambili zake zilikuwa nje ya mlango, zimepangwa vizuri kama za mgeni. Daktari alisema moyo ulisimama. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyeingia pale na viatu. Ndiyo ilikuwa heshima yao kwa marehemu.

Miezi minne ilipita. Baba mkwe alikaa tu kwenye kiti chake sebuleni. Chakula alikigusa, hakukila. Shati lilimpwaya.

"Baba, leo utakula nini?"

"Chochote, mwanangu."

Mkamwana alijua 'chochote' ya mzee maana yake ni hakuna. Akaogopa. Mumewe alikuwa safarini, dereva wa malori. Mzee akizidiwa, angemwambia nini?

Akakumbuka keki. Marehemu alikuwa akioka keki ndefu ya kukata vipande kama mkate, kila wiki, katika oveni ndogo ya mezani. Mzee alikuwa akila vipande viwili bila kuombwa. Basi mkamwana akaifunua ile oveni, akaifuta vumbi, akaiwasha.

Aliposhika mlango wake, kitu kikamng'ata vidole.

Haukuwa moto. Oveni ilikuwa bado baridi. Zilikuwa kama sindano nyingi ndogo, zikapanda mpaka kiwiko. Na oveni ikanguruma taratibu, mmmm, kama mtu anayeimba kafunga mdomo.

"Nani?" aliuliza.

Jikoni hapakuwa na mtu.

Alipiga moyo konde, akaoka hivyo hivyo. Kila alipofungua kuchungulia, aling'atwa. Keki ikatoka imebonyea katikati. Siku ya pili akaoka nyingine. Nayo ikabonyea palepale.

Mchana wa siku hiyo wifi yake alikuja.

"Wifi, nasikia siku hizi unaoka mashimo," alitania.

"Usinicheke. Oveni hii inaning'ata."

"Inang'ata? Kwani ina meno?" Wifi akaingia na viatu vyake vya soli nene. "Mimi leo sivui. Sakafu mbichi hivi, nitapata mafua." Akaweka kiganja juu ya oveni. Akaongeza cha pili. "Mbona mimi hainifanyi kitu?"

Wifi alipoondoa mikono, mkamwana akagusa kwa kidole kimoja. Akaruka nyuma, akagonga kabati.

Wifi akaacha kucheka. Aliitazama keki iliyobonyea. Polepole akaweka kiganja chake ndani ya lile shimo. Kiganja kikaenea sawasawa.

"Mikono yangu ni ya mama," alinong'ona. "Kila mtu husema hivyo."

Akamgeukia mkamwana.

"Wifi, mama hakutaki jikoni kwake."

"Nimemkosea nini? Nilimuuguza hata alipopata mafua!"

"Sijui. Mimi damu yake hanigusi. Wewe anakusukuma. Nitampigia kaka simu. Akirudi, mkapange nyumba kwingine."

"Na Baba atabaki na nani?"

Wifi alielekea mlangoni. Alisema tu, "Kesho nakuja kukusaidia kufunga mizigo."

Kesho yake mkamwana alidamka, akapiga deki, akavunja mayai. Kama ni kuhamishwa, alisema moyoni, basi mzee aonje keki kwanza. Wifi alifika, akasimama mlangoni na sanduku tupu. Mkamwana akanyoosha mkono, akashika mlango wa oveni. Safari hii vidole vilikaza, havikutaka kuachia. Alipiga yowe, akajivuta kwa uzito wa mwili wote, akaanguka.

"Usiinuke! Usiguse kitu!" Sauti ilitoka dirishani.

Alikuwa jirani yao, fundi umeme, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya. Aliingia mbio na mabuti yake, akazima swichi kuu ya nyumba. Kisha akamshika mkamwana.

"Unapumua? Haya, pumua. Nini hiki?"

"Ni mama," wifi alisema. "Hamtaki."

"Marehemu wamepumzika, mdogo wangu. Hawana muda wa kung'ata watu."

Alikausha sakafu kwa tambara. Akampeleka mkamwana mlangoni, akamvisha kandambili. Kisha akarudisha umeme, akatoa testa mfukoni, ile bisibisi ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye bati la oveni. Ndani ya testa kitaa chekundu kikawaka, kama jicho linalofunguka.

Wifi akashika kifua.

"Huyo ndiye jini wenu," Mama Nyaya alisema, akazima tena. "Ndani kuna waya uliochubuka. Umeme umevuja ukajaa kwenye bati. Unatafuta njia ya kwenda ardhini. Mtu akisimama peku kwenye maji, yeye ndiye njia. Wewe wifi ulivaa soli nene, njia ikazibwa. Si damu hiyo. Ni viatu."

"Basi tutavaa kandambili, yaishe," mkamwana alisema.

"Kandambili ni bahati, si kinga!" Alichomoa plagi, akawaonyesha. "Plagi hii ilitoka kiwandani na meno matatu. Jino la tatu ni la waya wa ethi. Umeme ukivuja, huo ndio unaoupeleka ardhini. Nani kalikata?"

"Mimi."

Waligeuka. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Soketi yetu ina matundu mawili," alisema. "Plagi haikuingia. Nikalikata jino kwa msumeno. Mama yenu alifurahi sana siku ile." Akamtazama Mama Nyaya. "Fundi, jino hilo ndilo lililomuua?"

Jikoni walikuwa watu wanne, lakini ilikuwa kama kuna wa tano, naye anasubiri jibu.

"Mzee, mimi si daktari," Mama Nyaya alisema polepole. "Sitasema nisichokijua. Najua tu kwamba leo lingemuua huyu."

Siku mbili alifanya kazi. Alibadilisha waya uliochubuka na plagi. Akaweka soketi ya matundu matatu yenye ethi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Alipogusisha testa tena, kitaa hakikuwaka.

"Sasa tumieni. Sakafu kavu, mikono mikavu, viatu miguuni. Na ukisikia kuchomwachomwa hata kidogo, zima ukutani, niite."

"Sawa. Lakini keki zangu zinabonyea kwa nini?"

Aliyejibu ni mzee. "Unafungua mlango mapema, mwanangu. Baridi inaingia, keki haijashikana, inaanguka. Mama yenu aliipasha oveni kwanza, moto wa wastani. Rojo lilifika nusu ya chombo na kidogo, halikujaa. Halafu hakufungua mpaka harufu inifikie pale kitini. Hapo ndipo alichoma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva."

Mkamwana akachanganya. Wifi akachekecha unga, macho chini.

"Nisamehe, wifi. Nilitaka kukufukuza kwa sababu ya waya."

"Chekecha vizuri. Mabonge hayo sitayasamehe."

Walingoja. Oveni ilinguruma, mmmm, na hakuna aliyeigusa. Kutoka sebuleni mzee akaita, "Bado... Bado... Haya!"

Kijiti kilitoka kikavu. Keki ilikuwa imeumuka juu, imepasuka mstari mmoja katikati. Mzee alikula kipande, akalia. Akala cha pili.

Kisha alifunga vipande vitatu kwenye kitambaa, akavaa viatu, akatoka nje, mara ya kwanza kwa miezi minne. Alivuka njia mpaka mlango wa jirani mwingine.

"Hodi! Nimewaletea keki," alisema. "Lakini kwanza nionyesheni plagi zenu."