Kofia ya Bati

Ijumaa, saa kumi jioni

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, mtaani Bahati. Mashine ikinguruma, maneno hayatoki nje. Unga ulikuwa juu ya meza, juu ya viti, kwenye nyusi za watu. Watu wanne na ramani moja, imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Nyumba iko Milimani. Mwenyewe hununua mawe mekundu ya vito kutoka Baringo na kuyauza ng'ambo. Hayapeleki benki. Yako jikoni ndani ya friza, chini ya nyama ya mbuzi, kwenye mfuko wa minji, zile njegere za kugandishwa. Msichana wa kazi aliyefukuzwa ndiye aliyetoboa siri hiyo. Jumapili saa tatu na nusu familia nzima huenda kanisani. Hubaki askari mmoja mzee na kamera nne za waifai.

Ogada ndiye aliyekuwa mkubwa. Alizaliwa nyumba za reli, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alipanga kazi polepole, kidole juu ya ramani. Yeye na Waithaka wataingia. Kemboi atashika usukani. Jepkemei, dada yake Kemboi, fundi wa simu, atakaa kiti cha nyuma na kompyuta yenye adapta mbili za waifai. Moja itazipigia kamera kelele mpaka zipofuke. Ya pili itakuwa sikio: itabeba sauti kati ya gari na simu mbili zisizo na laini, mifukoni mwa walio ndani.

"Sheria ni moja," Ogada akasema. "Hakuna kuingia mle bila kuita kwa sikio. Anayeingia kimya ni adui. Waithaka hataangalia sura."

Waithaka alicheka. Mikono yake ilikuwa minene kama ya mtu wa buchari, na bastola ilionekana ndogo ndani yake. Yeye ndiye aliyetumwa kununua adapta. Jepkemei alikuwa amemwambia azipime kwa mkono, achukue zenye uzito. Akazimwaga mezani.

Moja ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Nyingine ilikuwa nzito. Jepkemei aliipasua kwa kisu ile nzito, na ndani akakuta kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi. Hakikuwa na kazi yoyote ila kudanganya mkono wa mnunuzi. Antena ilikuwa pembe ya plastiki, ndani hakuna waya hata uzi. Na chipu ilikuwa uchi.

Akawaeleza taratibu. Adapta nzuri, chipu yake huvaa kofia ya bati, imechomelewa pande zote. Kelele yake haitoki, kelele ya jirani haiingii. Hizi hazina. Ukizichomeka pamoja, ile ya kelele itaiziba ile ya kusikia.

"Ni kama kuweka mlevi karibu na mtu anayenong'ona, boss. Tungoje nipate nzuri."

"Jumapili ni Jumapili," Ogada akasema. "Zivalishe kofia wewe."

Hapo Jepkemei akasema lile alilokuja kusema. Baada ya kazi hii, Kemboi atoke. Ana miaka ishirini na sita, ana mtoto. Yeye mwenyewe atabaki badala yake, hata milele.

Ogada alimpangusa Kemboi unga begani.

"Kitendawili."

"Tega," Kemboi akajibu haraka. Aliupenda mchezo huu.

"Nyumba yangu kila mtu huingia, hakuna anayetoka."

"Kaburi."

"Hapana. Nipe mji."

"Nakupa Keringet."

"Nimeenda Keringet," Ogada akasema, macho yakiwa kwa Jepkemei. "Nimepita viazi vya sokoni, nimefika kwa mlango wa bluu. Mbwa mweusi wa sikio moja hakunibwekea. Mama akanipa maziwa ya mursik, akaniita mwanangu. Jibu ni chumba hiki."

Kemboi alicheka mpaka unga ukamruka usoni. Jepkemei hakucheka. Mlango wa mama yao kule Keringet ulikuwa wa bluu, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za yule mbwa.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Walijaribu sikio. Lilikoroma tu, kama sufuria ya mafuta moto. Ili usikike, ilibidi upige kelele. Waithaka akalitukana, akasema hata mkutano wa viziwi ni afadhali.

Walipoondoka, Jepkemei alikata bati la kopo la kakao. Alilikunja pembe nne, akaibandika karatasi ndani ili bati lisiguse miguu ya chipu, akaifunika ile adapta ya sikio. Akavuta waya wa kweli ndani ya pembe ya plastiki. Alijikata kidole, akakifyonza. Kisha akasikiliza. Mkoromo ulikuwa umeisha. Simu iliyokuwa chumba cha pili ilileta mlio wa saa ya ukutani.

Hakumwambia mtu. Alitaka kesho wamsifu.

Jumapili, saa tatu na dakika arobaini

Gari lilisimama chini ya miti ya jakaranda, nyumba ya tatu kutoka geti. Familia ilikuwa imeshatoka. Ogada na Waithaka walishuka, wamevaa maovaroli ya mafundi wa maji, wakatembea bila haraka.

Jepkemei alivaa spika za masikio. Walikuwa wakinong'onezana, wakidhani sikio bado humsikia anayepiga kelele tu. Kila neno lilimfikia safi.

Waithaka aliuliza wakimaliza watapitia wapi.

"Menengai," Ogada akanong'ona. "Dereva tutamwacha huko shimoni. Anaongea sana kwa baa. Dada yake bado tunamhitaji."

"Na akijua?"

"Ana mama."

Jepkemei alitazama kisogo cha ndugu yake. Alikibeba mgongoni miaka miwili, kichwa hicho. Kemboi alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa kanisani.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili

Kamera zilikuwa zimepofuka. Kwenye sikio, askari mzee alisema hajui funguo ziko wapi. Kikasikika kitu kikivunjika, kama kuni kavu. Mzee akajua funguo ziko wapi. Waithaka akavunja kidole cha pili hata hivyo.

Hapo pikapu ya kampuni ya ulinzi ikakata kona chini kabisa ya barabara, ikaanza kupanda.

Kazi ya Jepkemei ilikuwa kuwaonya. Angeweza kunyamaza tu, lakini wakitoka hai wangeuliza kwa nini alinyamaza, na Keringet si mbali. Bora kosa liwe la kifaa. La adapta aliyonunua Waithaka mwenyewe.

Akaingiza ukucha, akaing'oa kofia ya bati. Sikio likakoroma.

"Washa gari," akamwambia Kemboi. "Security wanakuja. Twende."

"Umewaambia?"

"Sikio limekufa."

"Basi naenda kuwaita."

Akamshika shati. Akamwambia yote aliyoyasikia, Menengai, shimo, baa. Kemboi alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Siz, boss alinitoa kwa seli wakati nyinyi nyote mlinikataa. Wewe humpendi tu."

"Kemboi, sheria. Ukiingia bila kuita—"

"Wananijua."

Shati likararuka. Akaenda akikimbia.

Jepkemei aliirudisha kofia haraka. Karatasi ilikuwa imetoka. Bati likagusa miguu ya chipu, ikatoka cheche, kisha moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. "Boss, ni Kemboi anaingia," akasema. "Msipige. Ni Kemboi." Alisema mara nyingi. Adapta ilikuwa imezima.

Pikapu ilimpita, ikaingia geti la jirani. Dereva wake alikuwa ameleta gazeti.

Mlio wa bastola ulikuwa mmoja.

Saa nne na dakika tatu

Walikuja wakitembea haraka, mfuko wa minji kwapani mwa Ogada. Alikaa mbele, Waithaka nyuma, bastola mapajani.

"Endesha wewe," Ogada akasema. "Aliingia kimya."

Jepkemei aliendesha. Hakulia. Waithaka alikuwa akijitetea, kwamba mlango wa jikoni ulifunguka tu, kwamba sheria ni sheria. Ogada alinyoosha mkono akaokota kile kibati kwenye kiti cha nyuma. Kilikuwa na damu ya kidole.

"Hii kofia ilitoka saa ngapi?"

Alikuwa ameshajua. Jepkemei aliona anavyoiweka mfukoni, polepole, kama mtu anayehifadhi risiti.

Mbele, ibada ya kwanza ilikuwa imekwisha. Watu walijaa barabara nzima, akina mama wa vitambaa vyeupe, wanaume wenye Biblia, mamia. Gari likapunguza mwendo, likasimama katikati yao.

Jepkemei alizima injini, akachomoa ufunguo, akautupa nje katikati ya miguu ya watu. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Wezi," akasema. "Wameua mtu Milimani. Wana bunduki."

Waithaka akafungua mlango, akapiga hewani, akakimbia. Hatua kumi. Umati ulimmeza, na sauti iliyotoka mle ilikuwa ileile ya kuni kavu. Wengine wakaligeukia gari. Mawe yalikuwa tele kando ya lami.

Ogada hakutoka. Alivuta milango, akaifunga yote.

"Wewe pia uko ndani," akamwambia.

"Najua. Kitendawili."

Ogada alimtazama. Mdomo wake ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

"Tega."

"Nilipomfunika aliishi. Nilipomfunua akafa."

Jiwe la kwanza lilipiga boneti. Ogada alifikiri kweli, paji la uso limekunjamana.

"Sijui."

"Nipe mji."

Kisha, taratibu, kwa ukatili wake uleule, akautoa.

"Nakupa Keringet."

"Nimeenda Keringet," Jepkemei akasema. "Nimefika kwa mlango wa bluu. Mbwa ameninusa, akalala. Mama ametoka, ameangalia nyuma yangu, akaniuliza nimemwacha Kemboi wapi."

Kioo cha upande wa Ogada kikapasuka, kikaingia ndani.

"Hilo ndilo jibu," Jepkemei akasema.